Aptama au kingamwili: uchague kipi cha kupimia sumukuvu, dawa na vijidudu

Gunia la mahindi la kilo 100 likiwa na miligramu moja tu ya aflatoksini, sumu inayotolewa na kuvu (sumukuvu), limefika ukomo. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinaruhusu maikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kila kilo ya mahindi, na ile ya aina ya B1, iliyo kali kuliko zote, isizidi 5. Miligramu moja iliyosambaa ndani ya gunia huwezi kuiona. Pua haiinusi, ulimi hauionji, na kusonga ugali hakuiondoi kwa sababu joto la jikoni halitoshi kuivunja. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui, Machakos na Thika, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, na 125 kati yao wakafariki. Mwaka 2016 msiba ukahamia Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku kadhaa mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo, na malori yakakwama mipakani. Kwa hiyo kuchagua kipimo si jambo la maabara peke yake.

Kwa muda mrefu kila aliyetaka kipimo cha haraka alipewa jibu moja: kingamwili. Siku hizi ukizungumza na wanafunzi wa biokemia utasikia jina jingine, aptama, na mara nyingi linatajwa kama mshindi aliyekwisha kutangazwa. Mimi naziamini aptama, na kwa kuwa naziamini nataka zilinganishwe kwa haki na kile zinachotaka kukirithi. Namwandikia anayelazimika kuchagua: msimamizi wa ghala, fundi wa maabara ya wilaya, mwanafunzi anayeandika pendekezo la utafiti, kijana anayetaka kuunda kifaa chake mwenyewe.

Kazi yao ni moja: kushika

Kipimo cha aina hii kina sehemu mbili. Moja inakishika kile unachokitafuta na kuviacha vingine vyote vipite. Ya pili inapiga mbiu kwamba kimeshikwa, iwe kwa rangi, kwa mwanga au kwa umeme. Aptama na kingamwili zinagombea ile sehemu ya kwanza.

Kingamwili ni protini kubwa yenye umbo la herufi Y, ambayo mwili huitengeneza ukikutana na kitu kigeni. Unamchoma panya, sungura au mbuzi sindano yenye shabaha yako, yaani kile unachokitafuta, unasubiri, kisha unavuna. Mwaka 1975, Georges Köhler na César Milstein walionyesha pale Cambridge namna ya kuunganisha seli ya kinga ya panya na seli ya saratani isiyokoma kuzaliana, na tangu hapo imewezekana kupata kingamwili za aina moja tupu kwa wingi. Kazi hiyo iliwapa Nobel mwaka 1984. Kabla yao kidogo, 1971, Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm walitoa ELISA, kipimo cha kingamwili ambacho mpaka leo utakikuta kwenye sahani ya vishimo 96 karibu katika kila maabara ya chakula na ya hospitali kubwa.

Aptama haihitaji mnyama. Ni uzi mfupi wa DNA au RNA, kwa kawaida wa herufi 20 hadi 100 (kila herufi ni kiungo kimoja cha uzi), unaojikunja wenyewe hadi ukapata umbo linaloikumbatia shabaha. Mwaka 1990 maabara mbili za Marekani zilifika hapo kila moja kwa njia yake: Craig Tuerk na Larry Gold katika Chuo Kikuu cha Colorado, ambao waliuita utaratibu huo SELEX, na Andrew Ellington na Jack Szostak wa Hospitali Kuu ya Massachusetts, waliotunga jina lenyewe kutoka Kilatini aptus, kutosha au kukaa sawasawa, na Kigiriki meros, sehemu.

Utaratibu ni mzuri kuusimulia. Unaanza na mchanganyiko wa nyuzi trilioni mia moja au zaidi, karibu kila uzi ukiwa na mfuatano wake. Unazipitisha mbele ya shabaha, unaosha zilizoshindwa kushika, unazizidisha zilizoshika kwa PCR, njia ya kunakili DNA mara nyingi, kisha unarudia mara 8, 10, hata 15. Ni kupepeta kwa ungo, ila kila ukimaliza kupepeta, punje njema zilizobaki zinazaana. Mwishoni unasoma herufi za zile zilizoshinda, na kuanzia hapo aptama yako ni mstari wa herufi kwenye karatasi. Ile maarufu ya thrombini, protini ya kugandisha damu, iliyochapishwa 1992, ina herufi 15 tu: GGTTGGTGTGGTTGG. Yeyote mwenye mashine ya kusanisi DNA, Nairobi au Toronto, anaweza kuitengeneza ileile.

Shabaha ndogo ndipo tofauti inapoonekana

Aflatoksini B1 ina uzito wa daltoni 312 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Kingamwili moja ina daltoni 150,000 hivi. Kitu kidogo kiasi hicho mwili wa mnyama haukioni kuwa adui, kwa hiyo ili kupata kingamwili ya aflatoksini lazima kwanza uibandike sumu hiyo kwenye protini kubwa, mathalani albumini ya damu ya ng'ombe, umchome mnyama furushi zima, kisha utafute miongoni mwa kingamwili zilizotoka zile chache zinazoitambua sumu na si mbebaji wake. Ni kazi ya miezi. Tena ubavu wa sumu ulioshonwa kwenye protini unafichika, na kingamwili inajifunza upande ule tu ulioachwa wazi.

Aptama inakutana na sumu ndani ya bomba la maabara. Hakuna panya wa kufa kabla ya kazi kuisha, na ni wewe unayepanga hali ya mkutano: chumvi kiasi gani, joto gani, tindikali kiasi gani. Ukitaka aptama isiyodanganywa na molekuli inayofanana na shabaha, unaiweka hiyo molekuli katikati ya safari na kuzitupa nyuzi zote zinazoishika. Mwaka 1994 ilichapishwa aptama ya RNA inayoishika theofilini, dawa ya pumu, kwa nguvu mara 10,000 kuliko inavyoishika kafeini. Molekuli hizo mbili zinatofautiana kwa kikundi kimoja cha methili, yaani kaboni moja na haidrojeni tatu. Kwa mgonjwa aliyekunywa chai ya rangi kabla ya kupimwa, tofauti hiyo ina maana kubwa.

Lakini uchaguzi mzuri haumaanishi mshiko mkali. Aptama ya okratoksini A, sumukuvu inayosumbua nafaka na kahawa, ilitolewa Kanada mwaka 2008 na Jorge Cruz-Aguado na Gregory Penner, na imekuwa mojawapo ya aptama zinazotumika zaidi katika utafiti wa chakula. Mshiko wake ni wa mikromola 0.2 hivi (namba ikiwa ndogo, mshiko ni mkali zaidi), tena inategemea kuwepo kwa kalsiamu au magnesiamu. Kingamwili nzuri ya sumukuvu inaweza kushika kwa nguvu mara mia ya hapo. Kwa kutafuta kiasi kidogo sana ndani ya chakula, pengo hilo linalipwa kwa kuongeza hatua: kusafisha sampuli, kuikusanya sumu pamoja, kukuza ishara. Kila hatua inaongeza dakika, na inaongeza nafasi ya mtu kukosea.

Kwa protini kubwa, kama za virusi au za vimelea, hali ni nyingine. Huko kingamwili hupatikana kirahisi, na aptama hazina ubora wa wazi wa kumfanya mtu aache kilichozoeleka.

Je, inashika kweli?

Kama utasoma sehemu moja tu ya makala hii, naomba iwe hii.

Mwaka 2009 ilichapishwa aptama ya DNA iliyosemwa kuishika arseniki. Fikiria maana yake kwa Kanda ya Ziwa, kwenye maeneo ya dhahabu ambako arseniki imepimwa katika maji ya visima, huku ukomo wa Shirika la Afya Duniani ukiwa maikrogramu 10 kwa lita. Watafiti wengi waliichukua aptama ile wakaijengea vipimo vya rangi kwa chembechembe ndogo sana za dhahabu. Hesabu yao ilikuwa hivi: uzi wa DNA unazifunika chembe zisigandane, na maji yanabaki mekundu. Arseniki ikija, uzi unaiacha dhahabu na kuishika arseniki. Ukitia chumvi, chembe zilizobaki uchi zinagandana, na rangi inageuka buluu. Rangi iligeuka kweli, na karatasi zikaandikwa.

Mwaka 2019 maabara ya Juewen Liu katika Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, ililirudia jambo hilo kwa njia zisizotumia dhahabu, na ikakuta aptama hiyo haiishiki arseniki. Kilichokuwa kikigeuza rangi ni arseniki yenyewe kuing'ang'ania dhahabu. Mwaka uliofuata, watafiti wa Antwerp, Ubelgiji, walizichunguza aptama za ampisilini zilizokuwa zikitumiwa kutafuta mabaki ya dawa hiyo kwenye chakula, wakazikuta nazo hazina mshiko wa kuaminika. Miaka ya kazi ilisimama juu ya msingi ambao hakuna aliyeugonga kusikia kama una mvungu.

Kuna kisa cha tatu, cha namna tofauti. Aptama ya kokeini, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2000, inaishika kokeini kweli. Ila ilikuja kuonekana kwamba inaishika kwinini kwa nguvu kubwa zaidi kuliko kokeini yenyewe. Kwetu kwinini imekuwa dawa ya malaria kwa vizazi. Kifaa kinachotegemea aptama hiyo, kikiwekwa mbele ya mtu anayetibiwa malaria kali, kinaweza kumwita mtumiaji wa dawa za kulevya mtu aliyetoka wodini.

Kingamwili nazo hazijanyooka. Zipo zinazouzwa ambazo hazitambui kilichoandikwa kwenye kichupa, na zipo zinazoshika jirani wa shabaha. Kingamwili za sungura zina shida ya ziada: sungura akifa, akiba ile imekwisha, na sungura mwingine hatoi zinazofanana nazo kabisa. Hata hivyo pande hizi mbili zinatofautiana katika namna ya kukamatwa zikikosea. Liu aliweza kuisahihisha aptama ya arseniki kwa sababu herufi zake zilichapishwa, naye akaagiza ileile. Kingamwili nyingi za biashara zinauzwa bila mfuatano wake kuwekwa wazi, na ukiitilia shaka huna pa kuanzia isipokuwa kichupa kingine kutoka kwa muuzaji yuleyule.

Kwa upande mwingine, vipimo vya kingamwili vya aflatoksini vimekwisha kusuguliwa hadharani. Idara ya ukaguzi wa nafaka ya Marekani, FGIS, ina orodha ya vipimo vya haraka ilivyovihakiki kwa mahindi halisi, na huku kwetu mpango wa APTECA, wa kudhibiti aflatoksini Afrika, umekuwa ukiwapa wasagishaji wa Kenya sampuli za kujipimia umahiri wao. Aptama bado hazijapita njia ndefu kama hiyo, na anayezinunua anapaswa kulijua hilo.

Basi ukiamua kutumia aptama, agiza tatu pamoja: aptama yenyewe, uzi wenye herufi zilezile zilizochanganywa ovyo, na uzi mwingine wowote wenye urefu sawa. Pima zote tatu mbele ya shabaha yako, kisha mbele ya molekuli inayofanana nayo, kwa njia mbili ambazo hazihusiani, mojawapo iwe haina chembe za dhahabu. Kupima joto linalotoka pale molekuli zinapokutana ni njia nzuri mahali penye kifaa chake. Kama uzi uliochanganywa ovyo unatoa ishara sawa na aptama, simama hapo hapo.

Joto, barafu na barabara

Hoja inayopendwa zaidi na wapenzi wa aptama katika nchi zetu ni joto. Kingamwili ikiwa kwenye kimiminika inataka nyuzijoto 2 hadi 8, na ikipikwa haifufuki. Aptama ya DNA unaweza kuichemsha hadi nyuzijoto 95, ukaiacha ipoe, nayo ikajikunja upya kama ilivyokuwa. Ikikaushwa inasafirishwa ndani ya bahasha ya kawaida. Nimewahi kupokea boksi la kingamwili lililokaa mahali fulani Ijumaa hadi Jumatatu, barafu imegeuka maji, na karatasi ya ushuru ikiwa imegongwa mihuri yote ipasavyo. Siku hiyo nilizitamani aptama kwa moyo wote.

Lakini tusilikuze jambo kuliko lilivyo. Kingamwili iliyokaushwa juu ya utepe wa kupimia ni kitu kingine kabisa. Kipimo cha haraka cha malaria kinasafiri kwa pikipiki hadi zahanati isiyo na jokofu, na vifuko vingi vimeandikwa kuvumilia hadi nyuzi 30 au 40. Kwa hiyo ukinunua kipimo kilichokamilika, faida ya aptama dhidi ya joto inapungua sana. Inabaki kubwa kwa yule anayetengeneza kipimo mwenyewe na anayeagiza malighafi kutoka ng'ambo.

RNA nayo ni hadithi tofauti na DNA. Vidole vyako, mate yako na vumbi la meza vina vimeng'enya vinavyoikatakata kwa dakika chache. Aptama za RNA zinazofanya kazi kwenye damu hubadilishwa kikemia kwanza, kwa mfano kwa kutia florini kwenye sukari ya uti wake, na hilo linapandisha bei. Anayeanza na aanze na DNA.

Bei, na nani anashika ufunguo

Kichupa kidogo cha kingamwili cha maikrogramu 100 kwa kawaida kinauzwa kwa mamia ya dola. Uzi wa DNA wa herufi 40 au 60 unaagizwa kwa makumi ya dola, na kiasi unachopata kinatosha majaribio mengi. Ukitaka ubandikwe bayotini, rangi inayong'aa au salfa ya kuushikiza kwenye dhahabu, bei inaongezeka, ila bado iko chini.

Gharama iliyojificha ni ile ya kuipata aptama mpya. SELEX inaonekana nyepesi kwenye mchoro. Kwa vitendo inaweza kula mwaka wa mwanafunzi na kutoa nyuzi zinazoshika shanga, plastiki au chujio badala ya shabaha. Kwa molekuli ndogo shida ni ileile ya kingamwili: ukiibandika shabaha kwenye shanga, ubavu mmoja unafichika. Njia mpya zaidi inageuza mpango, nyuzi ndizo zinazofungwa kwenye shanga na shabaha inaachwa huru, kisha zinachukuliwa nyuzi zile zinazojinasua kuifuata. Kama huna mtu aliyewahi kuifanya kazi hii, ushauri wangu ni uchukue aptama iliyokwisha kuchapishwa na kuhakikiwa na maabara zaidi ya moja.

Mimi nalipa uzito mkubwa suala la umiliki. Maabara ya Morogoro au Kampala yenye mfuatano mkononi haitegemei kiwanda kimoja ng'ambo kiendelee kufuga seli zake. Siku kiwanda kikiacha kutoa kingamwili uliyoijengea kipimo chako, unaanza upya. Herufi zikiwa zako, hilo halikupati.

Kupima mara moja au kupima bila kukoma

Hapa aptama zinashinda waziwazi. Kingamwili kali ikishika haiachii kirahisi, na kwa kipimo cha kutumia na kutupa hilo ni jema. Lakini ukitaka kujua kiwango cha dawa katika damu kinavyopanda na kushuka, unahitaji mshikaji anayeshika na kuachia saa baada ya saa.

Maabara ya Kevin Plaxco, Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara, iliunda vihisi ambavyo aptama inashonwa kwenye elektrodi ya dhahabu ncha moja, na ncha ya pili inabeba rangi ya bluu ya methilini. Shabaha ikija, uzi unajikunja, rangi inaisogelea elektrodi, mkondo wa umeme unabadilika. Shabaha ikiondoka, uzi unajikunjua. Mwaka 2017 walionyesha kihisi cha aina hiyo ndani ya mshipa wa panya walio macho, kikifuatilia dawa kwa saa kadhaa bila kutoa tone la damu. Miongoni mwa dawa zinazofuatiliwa kwa njia hii zimo antibiotiki kama tobramaisini na vankomaisini, ambazo dozi ikizidi huumiza figo na ikipungua haitibu. Sijaona kingamwili ikifanya kazi hiyo kwa wepesi kama huo.

Wazo jingine ninalolipenda kwa mazingira yetu lilitoka kwa Yu Xiang na Yi Lu wa Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2011. Waliifunga aptama pamoja na kimeng'enya kinachovunja sukari ya mezani kuwa glukosi. Shabaha ikishikwa, kimeng'enya kinaachiliwa, glukosi inazalishwa, na unaisoma kwa mashine ndogo ileile anayotumia mgonjwa wa kisukari nyumbani. Mashine hizo ziko katika maduka ya dawa ya kila mji. Anayetaka kuunda kifaa bila mtaji wa kutengeneza msomaji wake mwenyewe aanzie hapo.

Unga, damu na maji machafu

Shabaha haiji peke yake. Mahindi yanasagwa na sumu inatolewa kwa methanoli au ethanoli iliyochanganywa na maji. Kileo kingi kinaiharibu kingamwili, kwa hiyo maelekezo yanakutaka uzimue. Aptama nayo ikiwa kwenye kimiminika chenye chumvi na magnesiamu tofauti na vile ilivyochaguliwa inaweza kujikunja vibaya na isishike kitu. Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wanafunzi ni kunakili herufi na kuacha kunakili bafa, yaani kile kimiminika chenye chumvi zake. Kwa aptama, bafa ni nusu ya aptama.

Kwenye damu kuna vimeng'enya vinavyokata DNA pia, ingawa polepole kuliko RNA. Kingamwili imezaliwa kwenye damu na huko iko nyumbani.

Kwa bakteria na vimelea nitapita haraka. Zipo aptama za bakteria wazima na za vimelea vya malaria. Watafiti wa Hong Kong walichapisha mwaka 2013 umbo la aptama inayotofautisha kimeng'enya cha laktati dehaidrojenesi cha Plasmodium falciparum na kile cha binadamu. Ni kazi safi. Lakini kipimo cha malaria cha kingamwili kiko tayari, ni cha bei nafuu na mhudumu anakijua. Tatizo lake la sasa, vimelea vilivyopoteza jeni ya HRP2, protini ambayo vipimo vingi vya malaria huitafuta, na hivyo kupita bila kuonekana, halitatuliwi kwa kubadili mshikaji. Linatatuliwa kwa kubadili shabaha, na mshikaji wa shabaha hiyo mpya anaweza kuwa yeyote kati ya wawili hawa.

Ningechagua hivi

Msimamizi wa ghala au kinu cha kusaga anayetakiwa kuamua leo kama lori lishushwe: chukua utepe wa kingamwili uliohakikiwa, pamoja na kisomaji chake kama bajeti inaruhusu. Kumbuka tu kwamba kwa sumu ndogo kama aflatoksini utepe unasomwa kinyume cha ule wa malaria. Mstari wa kipimo ukitokea, mahindi yako chini ya ukomo, na ukipotea, sumu imezidi. Mfundishe kila anayeshika zamu, na mwandikie ukutani, kwa sababu mtu aliyezoea kipimo cha malaria au cha ujauzito atasoma kwa mazoea na kulirudisha lori safi huku akilishusha lenye sumu.

Maabara inayotoa cheti kitakachosimama mahakamani au mpakani: vyote viwili ni vya kuchuja tu, na jibu la mwisho litoke kwenye mashine ya kromatografia, inayotenganisha kemikali moja moja na kuzipima.

Mwanafunzi au mbunifu anayetaka kutengeneza kipimo cha kwetu: aptama ya DNA, shabaha ndogo ambayo kingamwili zake ni ghali au hafifu, na zile nyuzi tatu nilizozitaja kabla ya kununua hata gramu ya dhahabu. Okratoksini ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu maabara nyingi zimeirudia na matokeo yake yanajulikana. Arseniki iache mpaka atokee mtu mwenye aptama iliyothibitishwa.

Hospitali ya rufaa inayoota kufuatilia dozi za antibiotiki kitandani kwa mgonjwa: ziangalieni aptama za elektrodi, kwa subira, huku mkiendelea na vipimo vya sasa vya maabara.

Na kwa wote wanaopima nafaka, kuna hatua inayotangulia chaguo hili na inayobeba kosa kubwa kuliko aptama na kingamwili zikiwekwa pamoja. Sumukuvu hukaa kwa mafungu, punje moja ikiwa imejaa sumu na mamia yaliyoizunguka yakiwa safi. Ukichomeka bambo kwenye gunia moja lililo karibu na mlango, umepima gunia hilo tu. Chomeka bambo magunia mengi, juu, katikati na chini, pande zote za shehena, changanya kilo kadhaa, saga zote pamoja ziwe unga laini, koroga, ndipo uchote zile gramu chache za kupeleka kwenye kipimo.